Kanisa la Nani? Umethodisti kwa Jirani wa Malindi

Niliulizwa barazani, mji wa kale wa Malindi, watu wametoka kuswali Isha na kahawa chungu imeshazunguka mara ya pili. Mzee mmoja anayenijua tangu navaa kaptura, na ambaye shikamoo yake nilikuwa nimeshampa, alinigeukia na kipande cha kashata mkononi.

"Mwanangu, wewe nakujua na babako nilimjua. Lakini hebu nambie. Hilo kanisa lenu ni la nani?"

Nikamwambia ni la Methodisti.

"Jina nimelisoma kwenye kibao. Mimi nauliza ni la nani."

Miaka kumi nyuma ningelicheka. Siku hizi sicheki. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini. Mochari ya hapa mjini ikajaa mpaka yakaletwa makontena ya friji. Waliokufa walikuwa wafuasi wa kanisa ambalo, kabla ya kuhamia msituni, lilikuwa hapa hapa Malindi, na wengi wao walikufa kwa njaa, kwa kufunga. Serikali iliunda jopo la kuangalia namna ya kusimamia mashirika ya dini, lakini barazani watu wana jopo lao. Kila kibao cha kanisa kinasomwa mara mbili, na cha kwanza kuulizwa si mnafundisha nini. Ni nani mwenyewe.

Kwa hiyo nimeona niandike kwa utulivu yale niliyomjibu mzee yule kwa kukatizwa katizwa.

Tuanze na maneno, maana yanachanganywa kila siku. Dini ni Ukristo. Dhehebu ni tawi ndani ya dini, lenye utaratibu wake wa uongozi na mambo linayoyatilia mkazo: Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti, Wapentekoste na wengine. Usharika ni watu wenyewe wanaokutana mahali pamoja, kama sisi wachache wa Malindi. Nilimwambia mzee afikirie Shafi na Hanafi: Kurani moja, kibla kimoja, taratibu mbalimbali. Mfano haukai sawa kila upande, naye alinieleza papo hapo, tena kwa urefu, unapoyumba. Lakini ulitufikisha nilipotaka tufike. Methodisti si dini mpya, wala haina Biblia yake ya siri. Biblia ni hiyo hiyo anayoisoma Mwanglikana, Krismasi ni hiyo hiyo, na mtoto mchanga hubatizwa kwa maji kichwani mbele ya wazazi na watu wote.

Jina lilianza kama kejeli. Mwaka 1729 katika chuo cha Oxford, Uingereza, vijana wachache walianza kukutana kusoma, kusali, kufunga na kutembelea wafungwa, yote kwa saa na siku zilizopangwa. Wenzao wakawacheka: hawa ni watu wa utaratibu, watu wa ratiba. Hiyo ndiyo maana ya Methodisti, na jina likawaganda kama lakabu ya shuleni inavyomganda mtu mpaka arusini kwake. Aliyewaongoza ni John Wesley, kasisi wa Kianglikana, pamoja na mdogo wake Charles, ambaye kabla ya kufa alitunga nyimbo za ibada zaidi ya 6,000. John alifariki mwaka 1791 akiwa bado Mwanglikana. Hakukusudia kuanzisha dhehebu, na nadhani angekitazama kibao chetu cha Malindi kwa mshangao kuliko mzee wangu wa kahawa.

Wesley mwenyewe aliandika kwamba tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasorobo usiku, kwenye mkutano mdogo wa mtaa wa Aldersgate jijini London, alihisi moyo wake umepata joto la ajabu. Mwaka uliofuata, makanisa mengi yakiwa yamemfungia mlango, alianza kuhubiri uwanjani karibu na Bristol, mbele ya wachimba makaa ya mawe ambao hakuna aliyewahi kuwangojea kanisani. Ukaribishaji ambao Wamethodisti hujisifia ulianzia hapo. Watu hawakuja kanisani, kanisa ndilo lililowafuata.

Sasa, mtu anakaribishwa wapi hasa? Wesley alieleza kwa mfano wa nyumba: toba ni ukumbi wa nje, imani ni mlango, utakatifu ndiyo nyumba yenyewe. Sidhani kama aliwahi kuiona picha ya nyumba ya Lamu, lakini mtu wa Lamu hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Unafika kwanza kwenye daka, penye viti vya mawe pande mbili, ambapo hata mpita njia aliyechoka hukaa akapumua. Kisha mlango wa nakshi. Kisha tekani, ukumbi wa kuingilia, halafu kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu vyumba virefu viwili, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani. Aliyeketi darakani, samahani, dakani (mzee alinirekebisha), hajawa mtu wa ndani, lakini hajafukuzwa pia. Wala hakuna atakayemshika mkono kumvuta.

Wamethodisti hupenda kuzungumzia neema inayomtangulia mtu, na wageni huona ni fumbo. Si fumbo. Kiti cha mawe cha dakani kilijengwa kabla mgeni hajazaliwa. Alipofika akachoka, alikikuta. Ndivyo wanavyoamini Mungu amemtendea kila mtu, si wateule wachache, na kwa hoja hiyo Wesley alibishana na wenzake maisha yake yote.

Mwaka 1743 alipoandika kanuni za vikundi vyake, sharti la kuingia lilikuwa moja tu: mtu awe na nia ya kuiepa ghadhabu ijayo na kuokolewa na dhambi zake. Hakudai cheti, mavazi wala kabila. Lakini aliyeingia alikuta kanuni tatu zinamngoja: usidhuru, tenda mema, dumu katika ibada. Anayedhani kanisa la kukaribisha ni kanisa lisilo na utaratibu amekosea nyumba.

Na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo penye utamu. Mwaka 1742 waumini wa Bristol walikuwa na deni la jengo lao. Nahodha mmoja aitwaye Foy akatoa shauri: kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mtu akasema wengi ni maskini, hawataweza. Foy akajibu, niwekeeni kumi na mmoja walio maskini kabisa, nitawapitia kila juma, na asiyekuwa nayo nitamlipia.

Akina mama wa Malindi wanaijua hesabu hii, wanaiita mchezo. Kila mmoja anatoa, mmoja anakusanya, daftari linazunguka. Tofauti ni kwamba katika mchezo kila mtu ana zamu yake ya kupokea, na pale Bristol pesa zilikwenda kwenye deni. Ila yule mkusanyaji, kwa kupita nyumba kwa nyumba, alianza kuona mambo ambayo mimbarani hayaonekani. Huyu anaumwa na hakuna anayejua. Yule kalewa saa nne asubuhi. Wale mume na mke hawasemezani. Wesley aliposikia habari hizo alitambua kwamba alichokuwa akikitafuta miaka yote kimemjia kwa mlango wa deni. Vikundi vya watu kumi na wawili, kiongozi mmojawapo, vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti.

Kikundi chetu kinaongozwa na mama mmoja mwenye daftari ambalo jalada lake limeunganishwa kwa selotepu. Humo hamna mahubiri. Mna majina, na kando ya kila jina maneno mawili matatu: homa. Kaenda Garsen. Hajaonekana Jumapili mbili. Ukifikia hizo Jumapili mbili, mama atapiga hodi kwako, atavua viatu, na hataondoka mpaka chai iive. Nimewahi kumkimbia kwa kutokea mlango wa nyuma. Nikamkuta amekaa na mama mkwe wangu kwenye ngazi za uani, wanachambua mchicha.

Naliona daftari lile kwa jicho jingine tangu 2023.

Tukija kwenye historia, kuna uvumi mmoja lazima tuuondoe njiani: kwamba Methodisti ni kanisa la Wameru. Nimeusikia stendi ya matatu, nimeusikia hata kwa Wakristo wenzangu. Asili yake inaeleweka, kwa sababu Meru ndiko kanisa lilikokua likatanda, likajenga shule, hospitali ya Maua na chuo kikuu. Lakini misheni ya Meru ilianza 1912. Ya pwani ilianza 1862, pale Ribe, kwenye kaunti hii hii ya Kilifi. Pwani ni kaka mkubwa kwa miaka 50, ingawa mdogo ndiye aliyerefuka.

Tawi lililofika Ribe lina kisa chake, na ni kisa cha kinanda. Mwaka 1827 katika mji wa Leeds, Uingereza, wakuu wa Wamethodisti waliruhusu kinanda kikubwa kiwekwe katika kanisa moja ambalo waumini wengi walikuwa hawakitaki. Wakagombana, wakagawanyika. Kinanda kilikuwa kisingizio tu. Ugomvi wenyewe ulikuwa nani mwenye neno la mwisho: wachungaji wakuu, au watu wanaojaza viti? Waliojitenga wakati ule, pamoja na wengine waliojitenga baadaye kwa malalamiko yale yale, waliungana mwaka 1857 wakajiita Makanisa Huru ya Methodisti. Hao ndio waliokuja kwetu. Sisi tuliogombana juzi juzi kuhusu sauti ya spika mpya tuna ukoo mrefu kuliko tunavyojua.

Aliyewaongoza njia ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akiwa na misheni ya Kianglikana, akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka huo huo. Alikuwa amesharudi Ulaya, afya imemwisha, pale mfanyabiashara mmoja wa Kimethodisti, Charles Cheetham, aliposoma habari za safari zake na kumwita. Mwaka 1862 Krapf alirejea na vijana wanne, Waingereza wawili na Waswisi wawili. Kabla mwaka haujaisha, maradhi na mengineyo yalikuwa yamewaondoa wote, Krapf mwenyewe akiwemo, isipokuwa Thomas Wakefield. Alibaki Ribe karibu peke yake hadi Charles New alipomfuata mwaka 1863. New ndiye Mzungu wa kwanza kufika kwenye theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1871. Wapare, Wachaga na Wataita walikuwa wakiuona mlima ule kila asubuhi bila kupewa sifa yoyote, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Malindi inaingiaje? Kwa njia isiyopendeza. Mji huu uliokuwa umekufa ulifufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na ukashamiri kwa mtama na ufuta uliolimwa na watumwa. Waliotoroka mashambani, ambao wenyeji waliwaita watoro, walijificha porini, wengine kwenye kijiji cha Fuladoyo, na wengine wakaenda kugonga milango ya misheni: Rabai ya Waanglikana, Ribe na Jomvu ya Wamethodisti. Hapo ukaribisho ukawa na gharama. Wenye mashamba walidai mali yao, kama walivyoiita, na wakubwa wa Kiingereza kule Zanzibar hawakutaka wamisionari wavuruge uhusiano na Sultani.

Usidhani wamisionari walikuwa malaika. Walisitasita, na walikuwa wakali kwa waliowapokea. Lakini walikuwa na urithi usiowaruhusu kulala. Wesley aliandika kijitabu cha kupinga utumwa mwaka 1774, na barua yake ya mwisho inayojulikana, ya tarehe 24 Februari 1791, siku sita kabla ya kufa, ilikuwa ya kumtia moyo William Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwishowe, mwaka 1888, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani alikubali wenye mashamba walipwe fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni walianza kupewa hati za uhuru katika sherehe iliyofanyika Rabai. Mzee wa baraza alinyamaza nilipofika hapo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba upande wa mamake walikuwa na shamba. Sikumjibu. Kahawa ilimiminwa tena.

Upande wa Lamu habari ni fupi na ya uchungu zaidi. Ukipanda basi kutoka hapa kwenda Mokowe, unavuka Mto Tana kule Garsen. Mtoni huko, Golbanti, Wamethodisti walifungua kituo miongoni mwa Waoromo, ambao Wakefield alikuwa ameshajifunza lugha yao. Mei 1886 wapiganaji wa Kimaasai walishambulia. John Houghton na mkewe Annie wakauawa pamoja na waumini kadhaa wenyeji. Kituo hakikufungwa.

Kanisa la Kenya likajitegemea mwaka 1967. Tarehe hiyo inajibu swali jingine linalozunguka simu za watu tangu 2024, Wamethodisti wa Marekani walipobadilisha kanuni zao kuhusu wachungaji na ndoa za watu wa jinsia moja: na nyinyi je? Lile ni Kanisa la Muungano la Methodisti, lenye makao Marekani na matawi Afrika, yakiwemo machache hapa Kenya, na ndiyo maana majina yanagongana. Letu ni Kanisa la Methodisti nchini Kenya. Mkutano wetu mkuu ndio unaotunga kanuni zetu, na wa Marekani hawana kura humo, kama sisi tusivyo na kura kwao. Lipo baraza la dunia ambapo Wamethodisti wote huonana, na Askofu Lawi Imathiu wa Kenya aliwahi kuliongoza, lakini hilo ni la kushauriana. Ni kama watoto wa mama wakubwa na mama wadogo: arusini mnakutana, jikoni kila mtu na sufuria yake.

Basi ni la nani? Usharika wetu uko ndani ya mzunguko, yaani kundi la makanisa jirani yanayogawana wachungaji. Mizunguko iko chini ya sinodi yenye askofu wake, na sinodi zote chini ya mkutano mkuu na askofu kiongozi. Katika kila ngazi wamo wachungaji na wamo waumini wa kawaida, wanawake kwa wanaume, na wanawake huwekewa mikono kuwa wachungaji. Sadaka huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja na kuandikwa. Mchungaji hakulianzisha kanisa, hawezi kuliuza, na hachagui mwenyewe akae miaka mingapi. Huletwa, na siku ikifika huhamishwa. Wa mwisho tulimpakilia godoro, mtungi wa gesi na kuku wawili kwenye pikapu, tukamwimbia, wengine wakilia kweli na wengine kwa adabu, na juma lililofuata akaja mwingine ambaye hatukumjua hata kwa sura.

Utaratibu huu una kero zake. Bati letu lilivuja misimu miwili ya masika kwa sababu karatasi ilikuwa ikisubiri kikao, na kikao kikisubiri akidi. Mchungaji mzuri huondoka wakati ule ule watu wameanza kumzoea. Wala sidai kwamba vikao vinazuia uovu; makanisa yenye vikao vingi nayo yamefikishana mahakamani. Ninachosema ni kwamba kwetu mtu akisimama akasema Mungu amemwagiza watu waache shule na hospitali, wapo wasiopungua wanne wenye wajibu wa kumuuliza, kabla hata ya chifu.

Na kuhusu kufunga, maana mzee aliuliza kwa macho kabla ya mdomo: ndiyo, tunafunga. Wesley alifunga Ijumaa, alasiri anakula. Mtu huyo huyo alifungua zahanati ya bure kwa maskini wa London mwaka 1746, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha tiba za nyumbani. Baadhi ya dawa zake ni za kuchekesha, lakini hakuwahi kuona kwamba anayekunywa dawa amepungukiwa imani.

"Haya," mzee akasema, "na mchungaji akiwa mzunguko mwingine, Jumapili nani anahubiri?"

Nikamweleza kwamba mlangoni tumebandika ratiba ya miezi mitatu, kama walivyofanya tangu enzi za farasi. Wengi wa walioandikwa humo si wachungaji. Ni mwalimu, fundi cherehani, muuza samaki, waliofunzwa wakajaribiwa wakapewa zamu.

"Nawe umo?"

"Jumapili ya tatu."

Akacheka, ile kashata yake akaila mwishowe. "Wewe? Wewe ambaye hata habari ya mechi huimalizi?"